Unapoajiri mchuuzi, linda wateja wako kwa maandishi

MFANYABIASHARA wa maziwa humkabidhi kijana pikipiki, mitungi na orodha ya hoteli za kupelekea maziwa kila alfajiri. Mwaka ukiisha, wateja humjua kijana kuliko tajiri wake. Siku anapoacha kazi na kuanza kuuza maziwa yake mwenyewe, wenye hoteli humpigia yeye. Pengine ataondoka hata na mchuuzi mwenzake.

Je, sheria inaweza kumzuia? Inaweza, lakini kwa kipimo.

Kesi moja maarufu ya suala hili ilihusu maziwa vilevile. Nchini Uingereza, mchuuzi wa kampuni ya Home Counties Dairies alikuwa ametia saini kwamba akiacha kazi, kwa mwaka mmoja hatawauzia maziwa wateja aliowahudumia katika miezi sita ya mwisho. Aliacha, akaajiriwa na mshindani na kurudi katika mitaa ile ile.

Hoja iliyotolewa kumtetea ni kuwa kandarasi ilitaja bidhaa zote za maziwa, hivyo hangeweza hata kuajiriwa katika duka linalouza siagi au jibini. Mwaka wa 1970 Mahakama ya Rufaa iliikataa hoja hiyo. Ilisema nia ya kandarasi ilikuwa kazi ya uchuuzi wa maziwa tu, na kwa kiasi hicho ilifaa.

Hapa Kenya, Sheria kuhusu Kandarasi za Kuzuia Biashara (Sura ya 24) inasema kandarasi haiwi batili kwa sababu tu ina kizuizi. Hata hivyo, Mahakama Kuu inaweza kukifuta kizuizi hicho ikiwa, baada ya kuangalia aina ya kazi, muda na eneo, itaona kinazidi kiasi au kinadhuru umma.

Kwa hivyo, usimwandikie kijana kwamba hatauza maziwa tena popote. Hiyo ni riziki yake, na maneno mapana kama hayo huenda yakakuangusha mahakamani. Taja wateja aliowahudumia mwenyewe, eneo lake na muda mfupi, kwa mfano miezi sita.

Kuhusu wafanyakazi, andika kwamba hatawashawishi wenzake waondoke. Lakini kumbuka, mfanyakazi anayeamua mwenyewe kuhama hafungwi na kandarasi ya mwenzake. Mteja naye hafungwi. Ana uhuru wa kununua apendako.

Haya yote yawekwe katika kandarasi siku ya kuajiri, si siku ya kuachana. Isitoshe, Sheria ya Uajiri ya 2007 inataka kandarasi ya kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe ya maandishi.

Nawe mchuuzi, soma kabla ya kutia saini, na uulize usichoelewa. Ujuzi wako ni wako. Orodha ya wateja ni ya tajiri.

Kinga ya kwanza, hata hivyo, haihitaji wakili. Watembelee wateja wako mara kwa mara na uweke nambari zao katika daftari lako mwenyewe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.