Waliogombea Kiti Kimoja

Wasomaji wetu wa Karagwe na Kyerwa hawana haja ya kwenda mbali ili wajue habari za ndugu kudai kiti kimoja. Mukama Ndagara alipokufa, katikati ya karne ya 19, wanawe waligombea ufalme. Speke, Mwingereza, aliyefika Bweranyange Novemba 1861, aliandika aliyoambiwa na Rumanika mwenyewe: kwamba wakuu wa nchi waliweka ngoma ndogo mbele ya ndugu watatu. Ilikuwa nyepesi kama unyoya, lakini imetiwa dawa, hata asiye na haki asiweze kuiinua. Wenzake wakajikakamua, isitikisike. Rumanika akaiinua kwa kidole kidogo.

Hadithi nzuri. Lakini angalieni, enyi walimu, ni nani aliyeisimulia: ni yule aliyeshinda. Wala ngoma haikumaliza neno. Rogero, nduguye, alipigana, na wafanyabiashara waliotoka pwani, Musa Mzuri Mhindi akiwa mmojawapo, wakamsaidia Rumanika. Hata Speke alipofika, Rogero alikuwa hai bado, juu ya kilima karibu na mto Kagera, na Rumanika akamwomba mgeni wake dawa ya kumwua. Speke, na Stanley baadaye, walimsifu mfalme yule kwa upole, nasi hatukatai. Ila ombi lile nalo limeandikwa. Rogero hakupata mgeni wa kumwandikia kitabu.

Katika Ulaya ya zamani mambo yalikuwa kinyume: aliyeshindwa ndiye aliyepata jina. Tangu 1378 hata 1417 Wakristo waligawanyika, hawa wakimtii Papa wa Roma, hawa yule wa Avignon, Ufaransa. Mwaka 1394 makardinali wa Avignon walimchagua Pedro de Luna, mtu wa Aragon, bingwa wa sheria za Kanisa, akaitwa Benedikto wa 13. Askari walimzingira katika jumba lake, akatoroka 1403. Mtaguso wa Pisa ukamwondoa 1409, na ule wa Konstanz ukamwondoa tena 1417. Naye alitoa hoja ambayo, twakiri, si rahisi kuijibu: makardinali wote waliowekwa kabla ya mgawanyiko wamekwisha kufa, isipokuwa mimi, basi haki yangu peke yake haina shaka, wala hapana mwingine awezaye kumchagua Papa.

Wafalme wakamwacha mmoja mmoja. Yeye akakaa katika ngome ya Peñíscola, juu ya mwamba wa bahari huko Hispania, akafa mzee wa miaka zaidi ya 90, hajakubali neno. Chuo kikuu cha St Andrews, Scotland, kilipata hati yake kwake mwaka 1413, nacho kipo hata leo. Na Wahispania humwambia mtu mkaidi kwamba amekaa katika kumi na tatu yake, na wengi husema asili ya neno hilo ni huyu Pedro.

Lakini katika hesabu ya Mapapa hayumo. Mwaka 1724 Papa mwingine, wa Roma, alichukua jina la Benedikto, naye akahesabiwa kuwa wa 13.