NENO NA MIPAKA YAKE: TUHUMA ZA CHUKI DHIDI YA WAYAHUDI KATIKA SIASA ZA UINGEREZA

Mzozo uliokikumba Chama cha Labour cha Uingereza kati ya 2016 na 2020 huelezwa aghalabu kama ugomvi wa kisiasa tu. Kwa mwanaisimu ulikuwa pia ugomvi juu ya maana ya neno moja, na sehemu kubwa ya ukali wake ilitokana na wahusika kulitumia neno hilo kwa maana zisizolingana.

Neno lenyewe lina asili ya kupotosha. Istilahi ya "Kisemiti" iliingizwa katika taaluma na Mjerumani August Ludwig von Schlözer mwaka 1781, ili kutaja kwa pamoja Kiebrania, Kiarabu na lugha za jamaa zake. Mnamo 1879 Wilhelm Marr alilieneza neno "Antisemitismus" na kuanzisha chama kwa msingi huo. Marr hakuwa na ugomvi na wasemaji wa Kiarabu wala wa Kiamhari. Alikusudia kuipa chuki ya kale dhidi ya Wayahudi sura ya kitaalamu, iegemee nasaba badala ya dini. Kwa hiyo hoja kwamba Mwarabu hawezi kutuhumiwa kosa hili kwa kuwa naye ni Msemiti huchambua viungo vya neno na kusahau matumizi yake. Kwa kanuni hiyo "kifungua kinywa" kingekuwa chombo cha daktari wa meno.

Kiswahili huukwepa mtego huo kwa kusema "chuki dhidi ya Wayahudi", lakini hunaswa na mwingine. Chuki ni jambo la moyoni, ilhali kinachobishaniwa mara nyingi ni kauli au picha. Mwaka 2012 mchoraji mmoja alichora ukutani, mashariki mwa London, matajiri wa fedha wakicheza mchezo wa ubao juu ya migongo ya watu walioinama. Jeremy Corbyn, wakati huo mbunge wa kawaida, aliuliza kwa nini ifutwe. Swali hilo lilifufuliwa Machi 2018, akiwa kiongozi wa chama. Mchoraji alishikilia kuwa alikusudia matabaka. Walalamikaji walionyesha pua na nyuso zilizorithiwa kutoka katika vikaragosi vya zamani vya Wayahudi. Corbyn alikiri kujuta kwamba hakuitazama picha kwa makini. Hapa jibu la "sina chuki" lingekuwa la kweli pengine, lakini lingejibu swali jingine, kwani ishara hubeba historia yake bila kungoja nia ya mwenye kuitumia.

Fasili iliyopitishwa mwaka 2016 na Muungano wa Kimataifa wa Kumbukumbu ya Maangamizi ilijaribu kuweka mipaka kwa mifano kumi na mmoja, mingi ikihusu taifa la Israeli. Labour iliikubali yote Septemba 2018, baada ya kusita. Hata hivyo Kenneth Stern, aliyeongoza uandishi wa rasimu yake ya awali, amepinga isigeuzwe kuwa sheria ya kudhibiti mijadala ya vyuo vikuu. Na mwaka 2021 wataalamu kadhaa walitoa Azimio la Jerusalem kama fasili mbadala.

Kiswahili kina maneno matatu yafaayo kutenganishwa: Myahudi, Mwisraeli na Mzayuni. La kwanza hutaja jamii, la pili uraia, la tatu itikadi. Anayepinga ujenzi wa makazi katika Ukingo wa Magharibi akasema "Wazayuni" amelitumia neno mahali pake. Anayesema kuwa "Wazayuni" wanamiliki benki zote za dunia amebadilisha jina tu. Tuhuma ni ile ile ya kale.

Tarehe 29 Oktoba 2020 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ilitoa ripoti iliyokikuta chama kimevunja sheria. Miongoni mwa mienendo iliyohesabiwa kuwa unyanyasaji ni kudai kwamba malalamiko ya Wayahudi ni uzushi. Lakini ripoti hiyo hiyo ilieleza kuwa mwanachama ana haki ya kutoa maoni juu ya ukubwa wa tatizo ndani ya chama. Corbyn alisema siku hiyo kwamba hata mbaguzi mmoja ni wengi mno, ila ukubwa wa tatizo ulikuwa umetiwa chumvi na wapinzani kwa sababu za kisiasa. Kabla ya jioni alikuwa amesimamishwa uanachama, na wasomaji wa ripoti wangali wakibishana kauli yake iangukie upande upi wa mpaka ule.