Probox inapozima mlimani, pampu isiwe ya kwanza kulaumiwa

Kuna ubovu wa gari ambao fundi mzoefu anaweza kuukisia kwa kusikiliza tu maelezo ya dereva. Asubuhi gari liliwaka bila shida. Lilizunguka mjini vizuri. Lilipoanza kupanda mlima likazima ghafla, bila kukohoa wala kupoteza nguvu kwanza. Dereva akapiga stata, injini ikazunguka lakini haikushika. Baada ya nusu saa akajaribu tena, ikawaka kama kawaida. Kwa injini za silinda nne za zamani kidogo, maelezo ya namna hii yanaelekeza kidole kwenye sensa ya kranki, yaani ya mhimili mkuu wa injini.

Tatizo ni kwamba Bujumbura ya sasa ina mshukiwa mwingine, tena mkubwa. Uhaba wa mafuta ulioiandama Burundi katika miaka ya karibuni umewazoesha watu foleni ndefu vituoni na petroli ya madumu inayovushwa kutoka Uvira, upande wa Kongo, ambayo hakuna anayejua imechanganywa na nini. Gari likizima, jibu liko mdomoni tayari: mafuta mabaya, pampu imekufa. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mazoea hayo yamewagharimu watu pesa nyingi kwa pampu ambazo hazikuwa na kosa.

Mchukue mkazi wa Gasenyi, kaskazini mwa jiji, mwenye Toyota Probox ya kubebea abiria na mizigo. Gari la mtu huyu likienda bara kwa barabara ya RN1, linaacha tambarare ya Ziwa Tanganyika, iliyo mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari, na kupanda hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika safari isiyofika kilomita 40. Injini inavuta kwa gia ndogo, imebeba watu na magunia, na mwendo wake ni mdogo mno kuleta upepo wa kuipooza. Joto chini ya boneti linapanda. Hapo ndipo sensa iliyoanza kuchoka inapokata.

Probox iliingia sokoni Japani mwaka 2002, na zile za lita 1.5 za miaka hiyo zina injini ya 1NZ-FE. Ndani ya injini hii, nyuma ya puli ya chini, kuna sahani ya chuma yenye meno, iliyofungwa kwenye kranki na kuzunguka pamoja nayo. Meno yamepangwa kila nyuzi 10, kwa hiyo mzunguko mzima ungekuwa na meno 36. Yapo 34. Mawili yameachwa makusudi. Sensa imekaa karibu kabisa na meno hayo, kwa nafasi nyembamba ya kama milimita moja, ikiyahisi yanapopita. Kila jino linatoa mshtuko mdogo wa umeme kwenda kwenye kompyuta ya gari, na lile pengo la meno mawili ndilo linaloiambia kompyuta kranki imefika wapi. Kutokana na hesabu hiyo kompyuta inaamua lini plagi ipige moto na lini nozeli ifungue. Hesabu ikikatika, haiamui chochote: haitoi moto wala mafuta.

Sensa yenyewe ni kitu rahisi mno. Ni sumaku ndogo iliyozungushiwa waya mwembamba kama unywele, ikafungiwa ndani ya plastiki. Ina nyaya mbili tu na haihitaji kupewa umeme, kwa kuwa inauzalisha yenyewe meno yanapoipita. Kadiri kranki inavyozunguka taratibu, ndivyo umeme huo unavyopungua, na ndiyo sababu betri dhaifu inayozungusha stata kivivu inaweza kuleta dalili zinazofanana kabisa na za sensa mbovu. Waya mwembamba uliopashwa moto na kupozwa kwa miaka 20 hatimaye unapata ufa. Ukiwa baridi, ncha mbili za ufa zinagusana. Ukipata moto, vitu vinatanuka na ncha zinaachana. Gari likipoa, zinagusana tena. Nusu saa ya kusubiri kando ya barabara inatokana na hilo.

Sasa tuirudie pampu, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Katika Toyota nyingi za kizazi hiki, rilei ya pampu ya petroli iko chini ya amri ya kompyuta, nayo haitoi amri hiyo mpaka ione kwamba kranki inazunguka. Ni utaratibu wa usalama: gari likipata ajali na injini ikasimama, pampu isiendelee kumwaga petroli. Lakini matokeo yake ni kwamba sensa ikikata, pampu nayo inanyamaza. Fundi anafungua mpira wa mafuta, anamwambia dereva apige stata, hakuna petroli inayotoka. Anatoa hukumu. Pampu mpya inatafutwa, kiti cha nyuma kinainuliwa, tangi linafunguliwa, kazi inachukua saa kadhaa. Wakati huo wote injini inapoa. Pampu mpya ikishafungwa, gari linawaka, na kila mtu anaamini kwamba ugonjwa umepona. Wiki inayofuata linazima palepale mlimani. Hata fundi mwaminifu anaweza kunaswa na mtego huu, kwa sababu ushahidi alioupata unaonekana kumuunga mkono.

Njia ya kuukwepa ni kupima gari likiwa bado linaumwa, maana yake likiwa bado la moto. Piga stata na utazame mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Ukilala chini bila hata kutikisika huku injini inazunguka, kompyuta haipati habari za kranki. Baadhi ya Probox hazina mshale huo kwenye dashibodi, kwa hiyo inabidi kuchomeka mashine ya kupimia na kusoma RPM kwenye kioo chake. Mashine hiyohiyo inaweza kuonyesha kodi ya hitilafu P0335. Wengi wanaisoma kodi hii kana kwamba ni amri ya kununua sensa, na sivyo. P0335 inazungumzia saketi nzima: sensa, soketi, nyaya mbili, hadi kwenye kompyuta. Soketi iliyolowa oili kutoka kwenye sili ya mbele ya kranki inaweza kuileta, na soketi iliyoota kutu baada ya gari kupita kwenye mafuriko vilevile.

Nyaya nazo zinastahili jicho la karibu. Zile za kiwandani zinafunikwa na wavu wa chuma unaozuia umeme wa koili na alteneta kuingilia ishara ndogo ya sensa. Ukikuta mahali zimekatwa na kuungwa kwa waya wa kawaida, zikafungwa tepu nyeusi na kupitishwa karibu na koili, umeshapata sababu ya kutosha ya injini kukatakata. Na kama aliyeunga alizigeuza, ya kushoto ikaenda kulia, ishara inafika kinyume, gari linawaka kwa taabu au haliwaki kabisa, hata sensa ikiwa nzima.

Kisha multimita. Chomoa soketi, weka ncha kwenye pini mbili za sensa. Sensa nzima ya aina hii, ikiwa baridi, husoma kati ya om 1,000 na 2,700 hivi kutegemea mfano wa gari, na ikiwa ya moto husoma juu kidogo. Ikisoma vizuri baridi halafu njia ikakatika kabisa ikiwa ya moto, hakuna mjadala tena.

Kuibadilisha ni kazi ndogo. Toa kichwa cha hasi cha betri, inua upande wa kulia kwa jeki na uweke stendi, vua gurudumu na kifuniko cha plastiki kilicho nyuma yake. Sensa imeshikwa na boliti moja ya spana namba 10. Futa mchanga pembeni mwake kabla hujaivuta, kwa sababu tundu lile linaingia ndani ya injini. Itikise kwa mkono mpaka itoke. Bisibisi ikipenyezwa kwa nguvu inavunja plastiki, na kipande kikidondoka ndani kazi inakuwa nyingine. Pangusa chembe za chuma zilizonaswa na sumaku, chungulia meno kama yamepinda, paka oili kidogo kwenye mpira wa sensa mpya, kaza boliti kwa kiasi. Waya urudi kwenye vibanio vyake, mbali na mkanda.

Kwenye maduka na gereji za mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, utapata mpya za bei ndogo zisizo na jina la maana, na utapata za asili zilizotolewa kwenye injini za kukata. Mimi naichagua ya asili iliyotumika, ilimradi ipimwe baridi, itumbukizwe ndani ya mfuko wa nailoni kwenye maji ya moto, ipimwe tena kabla pesa haijatoka. Nenda na ile ya zamani mkononi ulinganishe namba na umbo la soketi.

Kwa hiyo, mwenye gari, mwambie fundi wako apime likiwa la moto, na akuonyeshe anachokisoma. Kama RPM inasoma na om ziko sawa hata kwenye joto, sensa haina kosa. Hapo ndipo inapofika zamu ya kufungua tangi na kuitazama hiyo petroli.