Waulizeni akina mama wa samaki

Vitshumbi ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Korongo marabu hutembea mwaloni katikati ya watu wakisubiri matumbo ya samaki, na usiku viboko hupanda kutafuta majani kati ya nyumba. Upande wa Kongo sheria inavitambua vijiji vitatu tu vya uvuvi kwenye ziwa hili: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Ni kijiji cha watu wanaosali pia. Wako Wakatoliki, Wabatisti, Waadventista na Wapentekoste, na wote wanamjua Petro kuwa ni mtu wa kazi yao.

Nani kati yao ni Mkristo kweli? Swali hili huulizwa mara nyingi kwa kutazama kanisa: nani anafunga, nani ananena kwa lugha, nani anatoa sadaka kubwa. Mimi ningeanzia kwenye wavu. Sheria ya ziwa inakataza matundu madogo, inafunga mazalia ya samaki na inaweka kikomo cha idadi ya mitumbwi. Anayeingia mazaliani usiku na wavu wa matundu madogo anavua samaki ambaye hajazaa bado. Asubuhi atauza kama wengine, na hakuna atakayemtambua. Hasara itawafikia watoto wa jirani yake miaka michache baadaye, watakapotupa nyavu zao na kupandisha maji matupu. Viboko walituonyesha jambo hilohilo. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 25,000 katika Virunga. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 hawakufika hata 1,000, maana askari na wanamgambo waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Kinyesi cha viboko kilikuwa kinalisha maji yanayolisha samaki. Aliyepiga risasi alikula siku moja. Njaa ikabaki kwa wavuvi.

Lazima niseme neno kuhusu vizuizi vya barabarani, kwa sababu hapa watu wengi huhukumiana vibaya. Mama anayepeleka samaki wa chumvi Kiwanja au Goma hukuta kamba barabarani na mtu mwenye bunduki akidai chake. Kwa miaka mingi leo alikuwa askari wa serikali, kesho mwanamgambo. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliingia Vitshumbi yenyewe. Mama akilipa ili apite, hajaikana imani yake. Ameporwa. Dhambi iko kwa aliyeshika kamba, hata kama Jumapili anakaa benchi la mbele.

Habari hii ya vizuizi ndiyo inayonipeleka Goma, kwa Floribert Bwana Chui. Alizaliwa mwaka 1981, akajiunga na Jumuiya ya Kikatoliki ya Mtakatifu Egidio, na muda wake wa ziada akawapa maibobo, watoto wa mitaani, katika Shule ya Amani ya jumuiya hiyo. Mwaka 2007 alikuwa mkaguzi katika ofisi ya serikali inayodhibiti ubora wa bidhaa, OCC, mpakani na Rwanda. Mchele ulioharibika ulifika mezani kwake. Wenye mchele walimpa fedha ili apige mhuri, akakataa. Wakapandisha dau; akakataa tena. Wakubwa nao wakamsukuma. Yeye akaagiza mchele uteketezwe. Mwezi Julai alitekwa, akateswa na kuuawa. Alikuwa na miaka 26.

Tufikirie alichokuwa anakilinda. Wale ambao wangekula mchele ule hakuwajua hata mmoja. Wasingemshukuru kamwe, kwa sababu wasingejua kwamba waliponea chupuchupu. Alikataa fedha ambayo kila mtu aliyemzunguka angemwelewa kama angeichukua. Kwangu hapo ndipo imani inapojulikana: mtu anapomkumbuka jirani asiyemwona, katika kazi ambayo haina kwaya wala shangwe. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake mjini Kinshasa mwezi Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza mwenye heri katika Basilika ya Mtakatifu Paulo, Roma. Mji aliozaliwa ulikuwa umeangukia mikononi mwa M23 tangu Januari mwaka huo.

Hatua chache ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, uko mji wa Gisenyi. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Félicité Niyitegeka, mwanamke Mkatoliki aliyejitoa kwa utumishi wa Kanisa, aliwaficha Watutsi na kuwasaidia wengine kuvukia Goma. Yeye alikuwa Mhutu. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ajiokoe. Hakukubali kuwaacha waliomkimbilia, akauawa pamoja nao. Mwezi huohuo, katika parokia ya Nyange, padri Athanase Seromba alishiriki katika kuangushwa kwa kanisa lake mwenyewe kwa tingatinga, likiwa limejaa waumini waliokimbilia humo. Baadaye aliishi Italia kwa jina jingine, akawa anaadhimisha misa mjini Florence. Mahakama ya kimataifa ya mjini Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji hayo, ilimhukumu kifungo cha maisha katika rufaa ya mwaka 2008. Waliosali naye Italia hawakuwa na lolote la kuwashtua altareni. Kanzu ilikuwa ileile, na maneno yaleyale.

Kwa hiyo sishangai kwamba sura ya saba ya Mathayo, baada ya kusema juu ya mti na matunda, inawataja watu waliotoa unabii na kufukuza pepo kwa jina la Bwana, kisha wakaambiwa hawajulikani. Miujiza haikuwatetea. Na watoza ushuru walipomwendea Yohana Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wakae jangwani. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Kwa mtu wa forodha hilo ni agizo la kila siku, tena ni gumu kuliko kufunga siku 40.

Makanisa yetu, kutoka Vitshumbi hadi Goma, yanaweza kuanza na jambo moja ambalo Paulo alilidai kwa Timotheo: anayepewa uongozi ashuhudiwe vema na watu walio nje. Basi kabla ya kumweka mzee wa kanisa, waulizeni akina mama wanaonunua samaki kwake kama mizani yake ni sawa. Mwulizeni mpakuzi kama alilipwa ujira wake jioni ileile, mwulizeni na mvuvi wa dhehebu jingine ni wavu gani huyu mtu anaingia nao ziwani. Mwacheni mchungaji wake aseme mwisho.