Mama Mwenye ADHD na Mzigo wa Kukumbuka Mambo ya Nyumbani

Sufuria ya maharage imeungua, umeme umekatika kwa kuwa LUKU haikununuliwa, na kadi ya kliniki ya mtoto haionekani asubuhi ya siku ya chanjo. Mambo ya namna hiyo yakijirudia kwa mama mmoja, jamii humwita mzembe. Kwa baadhi ya akina mama jina hilo ni uonevu, kwani wanaishi na ADHD, hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri umakini, utulivu na uwezo wa kupanga mambo.

Hali hiyo, iliyozoeleka kuhusishwa na watoto watukutu, huanza utotoni na kwa wengi huendelea hadi utu uzima. Wasichana wengi humaliza shule bila kugundulika, kwa sababu dalili zao aghalabu ni kusahau na kuzama katika mawazo. Mwanafunzi aliyetulia kwenye dawati hamsumbui mwalimu. Aidha, kwa kuwa hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa, wapo wanaoitambua kwao wenyewe baada ya kumpeleka mtoto kuchunguzwa.

Nyumbani mzigo huongezeka kwa sababu kazi za kaya hazina msimamizi wala ratiba iliyoandikwa. Mama hutakiwa kukumbuka kwa wakati mmoja chakula kilicho jikoni, sare za shule, dawa ya mtoto na mchango wa kikundi. Kumtaka ajitahidi zaidi hakumsaidii, maana amekuwa akijitahidi miaka yote. Kinachosaidia ni kuutoa mzigo huo kichwani na kuuweka mahali panapoonekana.

Kengele ya simu iwekwe mara tu sufuria inapoinjikwa, kabla ya kutoka jikoni. Hili si jambo dogo, hasa kwenye nyumba yenye mtungi wa gesi na watoto wadogo. Funguo na kadi ya kliniki zitundikwe kwenye msumari mmoja karibu na mlango. LUKU ya mwezi inaweza kununuliwa siku ileile fedha zinapopatikana. Dawa za mtoto ziandikwe kwenye karatasi ukutani, na kila dozi iwekewe alama baada ya kutolewa, ili asipewe mara mbili.

Baba na watoto wakubwa nao wana sehemu yao. Anayekabidhiwa jambo, mathalani ada ya shule, alibebe lote, tangu kukumbuka tarehe hadi kutunza risiti. Akisubiri kukumbushwa, mzigo unabaki kwa mama.

Si kila mwenye kusahau ana ADHD. Kukosa usingizi, sonona, upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingo pia huvuruga umakini, hivyo uchunguzi ni muhimu. Tiba hujumuisha ushauri wa kisaikolojia na, inapobidi, dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari pekee. Mjamzito au anayenyonyesha amweleze daktari mapema.

Mwananchi anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu na kuomba rufaa kwenda kwa wataalamu wa afya ya akili, wakiwemo wa Hospitali ya Taifa Muhimbili na ya Mirembe, Dodoma. Daktari atauliza kuhusu dalili zilizokuwapo kabla ya umri wa miaka 12. Ripoti za shule ya msingi, kama bado zipo, zibebwe. Zikikosekana, mzazi au ndugu aliyemlea anaweza kufuatana naye kutoa maelezo.