Siku Inayojirudia: Kati ya Filamu na Kifafa

Abiria ashukaye Mingoyo, kwenye njia panda ya Masasi na Mtwara, aghalabu huwa amekwisha kutazama filamu moja au mbili ndani ya basi. Kuna aina ya kisa kisichochosha watazamaji: mtu huamka kila asubuhi katika siku ileile. Katika *Groundhog Day*, filamu ya Marekani ya mwaka 1993, mtangazaji wa hali ya hewa hunaswa katika tarehe 2 Februari, na kila kulipokucha hakuna akumbukaye ya jana isipokuwa yeye peke yake. Kumbukumbu hiyo ndiyo nguvu yake, kwani hujua nani atamsalimu na nani ataanguka.

Wapo watu wanaohisi jambo kama hilo bila filamu. Ghafla mahali pageni huonekana pa zamani, na maneno yanayosemwa huwa kana kwamba yalikwisha kusemwa. Likitokea mara mojamoja si ugonjwa; wengi wenye afya njema hulipata. Lakini likirudi mara kwa mara kwa namna ileile, kwa sekunde chache, pamoja na kitu kinachopanda kutoka tumboni, macho kukodoa au mdomo kutafuna pasipo chakula, huenda ikawa ni kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja. Tofauti yake na filamu ni kubwa: mwulize mgonjwa nini kitafuata, hatajua. Anayo hisia ya kukumbuka; kumbukumbu yenyewe haipo.

Mwaka 1888 tabibu wa London, John Hughlings Jackson, alichapisha habari za mgonjwa aliyemwita Z, ambaye naye alikuwa daktari. Siku moja kifafa kilimshika Z akimpima mgonjwa. Alipozinduka alikuta amekwisha kuandika kuwa ni nimonia, wala hakukumbuka lolote. Alimpima upya, akafikia uamuzi uleule. (Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angethubutu kubuni kisa hicho.)

Kifafa cha namna hii hakimwangushi mtu kila mara, kwa hiyo hufichika. Jamaa husema ana jini, au ana mawazo mengi, na mwenyewe hunyamaza akiogopa kuitwa mwendawazimu. Mhudumu wa zahanati asingoje degedege ndipo aulize. Amwulize pia aliyekuwapo, maana mgonjwa hawezi kusimulia dakika ambazo hakuwa na fahamu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kupatwa nacho, wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Dawa humezwa kila siku, na haiachwi ghafla hata mgonjwa akijiona amepona, kwani kuikatiza kwaweza kuleta degedege lisilokoma. Kutoka Mingoyo, Hospitali ya Sokoine ipo Lindi mjini, na njia ya Masasi huzipitia Nyangao na Ndanda, zenye hospitali za misheni. Aendaye huko achukue karatasi yenye tarehe, saa na muda wa kila tukio, iliyoandikwa na mtu aliyeshuhudia.