Mpaka Unaoipanga Seli kwa Ndani

Tishu za epithelia ni zile zinazofunika mwili kwa nje na kutanda ndani ya mirija na mashimo yake: ngozi, ukuta wa ndani wa tumbo na utumbo, mirija ya figo, njia za hewa. Seli zake hupangana bega kwa bega, na kila moja ina juu na chini yake, kwa kuwa upande wa juu huelekea uwazi, kama vile mahali chakula kinapopita, na upande wa chini hukalia utando mwembamba unaozitenga na tishu nyingine. Ndani ya seli mna kiunzi cha protini, yaani mtandao wa nyuzi unaoipa seli umbo na uimara: aktini, zenye unene wa nanomita 7 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), keratini, zenye nanomita 10, na mikrotubuli, ambayo ni mirija yenye kipenyo cha nanomita 25 na ndiyo njia ya kusafirishia mizigo ndani ya seli. Kiini cha seli hubeba maagizo ya kutengeneza protini hizo, ila mahali zitakapokaa na upande zitakaoelekea huamuliwa kwa kiasi kikubwa pembeni, kwenye viungio vinavyoishikamanisha seli na jirani zake.

Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade, waliotumia hadubini ya elektroni huko New York, walieleza kwamba viungio vitatu hupangana kwa utaratibu uleule katika tishu nyingi za epithelia. Juu kabisa hukaa kiungio kizibaji, kinachozuia vitu kupenya ovyo kati ya seli na seli. Chini yake hufuata kiungio kishikizi. Na chini zaidi huja desmosomu, ambazo ni vibandiko vidogo vya mviringo. Viwili vya mwisho ndivyo vinavyoshika hatamu za kiunzi.

Katika kiungio kishikizi, protini iitwayo kadherini hupenya utando wa seli: kichwa chake hutokeza nje na kukamatana na kichwa cha kadherini ya seli jirani, huku mkia wake ukibaki ndani. Mkia huo hushikwa na beta-katenini, nayo hushikwa na alfa-katenini, ambayo ndiyo inayozikamata nyuzi za aktini. Mjapani Masatoshi Takeichi, aliyezitambua kadherini, alionyesha kwamba haziwezi kushikana pasipo kalsiamu, na jambo hilo limewapa watafiti njia nyepesi ya kuutazama mpangilio ukizaliwa. Seli za figo ya mbwa zinapooteshwa kwenye sahani ya maabara na kuondolewa kalsiamu, huachana na kujikunja, na mshipi wa aktini uliozunguka sehemu ya juu ya kila seli huvunjika. Kalsiamu ikirudishwa, seli hugusana upya, aktini hukusanyika palepale zinapogusana, na baada ya saa kadhaa mshipi huwa umejengeka tena na seli zimesimama wima.

Alfa-katenini hufanya kazi nyingine inayostahili kutazamwa kwa makini, nayo ni kupima mvuto. Aktini inapoivuta, molekuli yake hukunjuka na kufichua sehemu iliyokuwa imefichika, ambako protini nyingine, vinkulini, huja kujishikiza na kuongeza nyuzi zaidi, hata kiungio kinachovutwa sana kikazidi kuimarika badala ya kukatika. Kwa njia hii mshipi wa seli moja huungana na wa jirani, na safu nzima huweza kujikunja kwa pamoja. Katika mwezi wa kwanza wa mimba, seli za mgongoni mwa kiinitete hubana mishipi yake ya juu, zikawa nyembamba juu na pana chini, na bamba bapa likajikunja kuwa mrija utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Mrija huo usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, hali yenye sababu nyingi, upungufu wa foliki asidi kwa mama ukiwa mojawapo.

Desmosomu nazo hutawala keratini. Protini desmoplakini huzifunga nyuzi hizo kwenye kibandiko, na kwa kuwa keratini huvuka seli kutoka desmosomu moja hadi nyingine, ngozi yote hubeba mvuto mfano wa jarife, ambalo fundo moja likivutwa uzito husambaa katika mafundo mengine. Katika ngozi, desmoplakini huongoza hata mikrotubuli, ambayo huacha kuanzia karibu na kiini na kujipanga pembeni mwa seli. Ubovu wa mfumo huu huonekana kwa macho. Mtu aliyerithi hitilafu katika keratini namba 5 au 14 hutoka malengelenge kwa msuguano mdogo tu, kwa sababu seli za safu ya chini kabisa ya epithelia ya ngozi hupasuka zenyewe. Mgonjwa wa pemfigasi hutoka malengelenge pia, lakini kwake seli hubaki nzima na kuachana, maana kingamwili za mwili wake hushambulia desmogleini, protini inayozishikanisha desmosomu.

Kadherini ikipotea, madhara huwa mazito zaidi. Mwaka 1998 watafiti walitambua kwamba saratani ya tumbo iliyoandama vizazi vya ukoo mmoja wa Wamaori wa New Zealand ilitokana na hitilafu ya kurithi katika jeni la kadherini ya epithelia. Seli zilizopoteza kadherini hiyo hupoteza juu na chini yake, huchopoka kwenye safu, na hutapakaa mojamoja chini ya utando wa ndani wa tumbo pasipo kufanya uvimbe, kiasi kwamba kamera ya kuchunguzia tumbo mara nyingi huzipita bila kuziona. Ndiyo maana waliorithi hitilafu hiyo aghalabu hushauriwa kuondolewa tumbo lote wakiwa bado wazima.